Uzi Mwekundu Ambao Mama Hakuufunga

Siku ya kugawa nguo za marehemu mama, nilipewa khanga zake za ndani ya sanduku nizikunjue mojamoja. Mama mkubwa alikuwa amekaa mkekani akiamua hii ya nani na ile ya nani. Khanga ya nne ilikuwa na fundo kwenye pindo. Nilidhani ni noti iliyosahauliwa, maana hiyo ndiyo ilikuwa benki ya mama zetu. Nikalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na kipande cha uzi mwekundu wa sufu, urefu wa kiganja, kimepauka katikati na kubaki chekundu kwenye ncha. Niliutambua papo hapo. Nikauweka mfukoni kabla mtu hajauliza, nikaendelea kukunjua.

Wengi wa rika langu tuliokulia kwenye vilima vya juu ya Ujiji, upande wa Kasingirima, tunakumbuka mtaa ulivyokuwa kabla ya njia. Nyumba zilijengwa kila mtu alipopata, ukuta wa huyu ukiegemea choo cha yule. Ukitaka kushuka ziwani ulipita uani kwa watu, ukasalimia, ukaruka mtaro, ukainama chini ya kamba ya nguo, ukatokea jikoni kwa mtu mwingine ambaye alikuuliza kama umeshakula. Sisi watoto hatukuona ubaya wowote. Wakubwa waliuona siku ya msiba. Maiti ilibebwa kwa kuinamishwa, mara kichwa juu, mara miguu juu, wabebaji wakipita mmojammoja kwa ubavu. Mzee mmoja mwenye mwili mkubwa ilibidi atolewe kwa kupitishwa juu ya ukuta wa jirani, na wanawe walilia zaidi kwa aibu kuliko walivyolia kwa kifo chenyewe.

Kwa hiyo watu wa mradi walipokuja, mtaa ulikuwa tayari na kidonda chake. Lakini ulikuwa na woga pia. Tulishazoea kwamba mgeni mwenye karatasi akija, nyuma yake inakuja alama nyekundu ukutani, na nyuma ya alama linakuja tingatinga. Hawa hawakuja na rangi. Walikuja na picha moja kubwa iliyopigwa kutoka angani, wakaitandaza sakafuni katika darasa la shule yetu, wakagawa punje za mahindi. Kila mwenye nyumba aweke punje yake juu ya paa lake. Wazee walipiga magoti pale chini wakibishana, "Hilo ni bati langu, lina kutu upande wa ziwa," na mwingine anasema, "Acha uongo, hilo ni la banda la mbuzi." Palichekwa sana siku ile.

Aliyewaongoza alikuwa dada mmoja mrefu, mpole, aliyesema polepole kama analisubiri kila neno lifike. Tulimwita Dada Tumaini. Yeye ndiye aliyesema kwamba hakuna nyumba itakayobomolewa kwa nguvu, kwamba wenye mtaa ndio watakaochora njia yao, na kila mmoja atatoa kipande kidogo ili wote wapate pa kupita. Halafu akatangaza kwamba watoto nao watasaidia, kwa sababu watoto ndio wanaojua kila uchochoro. Hapo mimi nikasimama bila kuitwa.

Niseme ukweli, nilikuwa mtoto wa kiherehere. Mtaani waliniita Diwani. Hakukuwa na ugomvi ambao sikuutolea hukumu, wala mgeni ambaye sikumpeleka alikotaka kwenda, hata kama sikujua ni wapi. Mama alikuwa akiniambia, "Mdomo wako utakuponza." Lakini alikuwa anacheka akisema hivyo, nami nilidhani ni sifa.

Tuliishi wawili tu, mimi na mama. Baba alikufa ziwani kabla sijaijua sura yake. Mama alizaliwa Simbo, kwa wakulima, akaolewa Ujiji kwenye nyumba ya Waislamu na kuingia dini ya mume. Aliuza dagaa na mawese, na nguo zake zote, hata za sikukuu, zilikuwa na harufu ya mawese yaliyochemka. Nyuma ya jiko letu palikuwa na shina la mgomba, na chini ya mgomba palikuwa na jiwe jeusi bapa lililotolewa ziwani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, mama alichota maji kwa kikombe cha bati na kumwagia pale, taratibu, huku midomo yake ikicheza. Nilijua kwamba anaumwagilia mgomba. Kilichonikera ni kwamba mgomba ule ulizaa vizuri, lakini mkungu ukikomaa mama aliugawa wote kwa majirani. Sisi hatukuonja hata ndizi moja. Nilimwona mama mchoyo kwangu na mkarimu kwa watu, na mgomba ule niliuchukia kwa moyo wote.

Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi Mama Feza, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mumewe, Baba Feza, alipooza miguu na alikuwa amelala miaka katika chumba kimoja kilichotazama jiko letu. Chumba chenyewe Mama Feza alikijenga kwa mikono yake, akifyatua tofali baada ya kutoka sokoni. Alipougua sana Baba Feza, alibebwa mgongoni na kijana wa jirani hadi barabarani, miguu ikiburura chini, kwa sababu kitanda hakikuweza kupita.

Sasa ikaja kazi ya kujua njia iwe na upana gani. Wapimaji walitaja mita zao, watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akainuka akasema, "Mita hatuzijui. Sisi tunataka jeneza lipite na watu wanne chini yake, wakitembea kama watu." Wote wakapiga makofi. Dada Tumaini naye akapiga makofi, akasema basi ndivyo tutakavyopima. Wakaenda msikitini kuomba jeneza. Wazee wa msikiti wakakataa katakata, wakasema jeneza tupu halitembezwi. Basi fundi seremala akalipima lile jeneza kwa kamba, akatengeneza fremu ya mbao ya upana uleule. Watu wanne wangeibeba mabegani kutoka kilimani hadi barabara ya chini, na popote itakapokwama, hapo mtaa ujadiliane nani asogeze nini.

Jioni ya kuamkia siku ile nilikuwa kibarazani kwa Mama Feza, namsaidia kuchambua sombe, kisamvu cha kwao. Alikuwa hana furaha na jambo lile.

"Kitanda ya maiti haitembei bure, mtoto," aliniambia. "Waite fremu, waite nini, iko kitanda tu. Ikisimama fasi, ile fasi imeipenda."

"Imeipenda mahali hapo kufanya nini?"

"Kuchukua mtu. Uliza baba yako huyu hapa ndani."

Baba Feza kutoka chumbani akasema, "Usimtishe mtoto wa watu," lakini hakusema kwamba ni uongo.

Msimu ule mama alikuwa anaumwa. Alikuwa na kikohozi kisichokatika, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Aliamka hivyohivyo akajifunga khanga kiunoni akaenda mwaloni kununua dagaa kwa wavuvi. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu zangu za kitoto. Katika nyumba zote za mtaa ule, mgonjwa wa karibu zaidi kwa kitanda tupu alikuwa mama yangu.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda sokoni Ujiji na beseni lake, nami nikaenda na kundi la Dada Tumaini. Fremu ilianza kilimani. Mbele walitangulia watoto kuonyesha njia, nyuma yao wabebaji wanne, kisha Dada Tumaini na kijana mwenye ndoo ya chokaa, kisha nusu ya mtaa. Ilipokwama kwenye ukuta wa choo, watu walibishana, mwenye choo akakubali, kijana akamwaga chokaa, tukaendelea. Ilipokwama kwenye banda la kuku, mwenye banda akalisukuma kwa mguu wake mwenyewe, watu wakashangilia. Ilikuwa kama sherehe. Kadiri ilivyoteremka kuelekea kwetu ndivyo mimi nilivyorudi nyuma ya kundi.

Ikakwama kwetu. Upande mmoja ukuta wa jiko letu, upande wa pili ukuta wa chumba cha Baba Feza, na fremu katikati, haiendi mbele wala nyuma. Wabebaji walichoka. Wakaishusha. Wakaiweka chini hasa mbele ya mlango wetu wa jikoni, na mmoja wao akakaa juu yake kufuta jasho.

Sijui nieleze vipi hofu ile. Niliwaona watu wakizungumza lakini sikusikia. Niliona ile mbao imelala mlangoni mwa mama, na dirishani Mama Feza amesimama ameshika mdomo, ananiangalia mimi.

Dada Tumaini alikuwa anatazama huku na huku. "Tukinyoosha," alisema, "tunakata hiki chumba cha Mama Feza. Tukizunguka nyuma ya jiko hili, tunapona. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Sokoni," watu wakasema.

"Diwani, wewe si unaishi hapa? Hapa nyuma kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Ni mgomba tu. Piteni. Piteni upesi!"

Watu wakacheka, wakasema Diwani ametoa amri. Dada Tumaini akasema basi tuweke alama kwa sasa, mama akirudi atathibitisha. Wanaume wakainua fremu, wakazunguka nyuma ya jiko, wakapita kwa raha, watu wanne wakitembea kama watu. Kijana mwenye ndoo akamwaga chokaa. Mstari mmoja ukapita kando ya jiko, mwingine ng'ambo ya mgomba, na lile jiwe jeusi likabaki katikati.

Nilishinda siku nzima nimekaa mlangoni nikimsubiri mama. Nilikuwa nimemwokoa. Kitanda kilimtaka, mimi nikakifukuza kwa mdomo wangu uleule uliokuwa ukisemwa kila siku. Nilitaka nione uso wake nitakapomwambia.

Alirudi jua likiwa bado liko juu ya milima ya Kongo. Alipitia nyuma, kama kawaida yake. Akasimama na beseni kichwani.

"Nani kapita hapa?"

"Kitanda, mama. Kilisimama mlangoni kwetu, mimi nikakiondoa."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza hapa nyuma kuna nini."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hakuna kitu."

Aliteremsha beseni polepole. Akachutama, akafuta chokaa iliyorukia juu ya jiwe kwa upindo wa khanga, akafuta tena palepale palipokwisha kuwa safi. Nilisubiri anisifu. Halafu nikasubiri anipige, kwa sababu niliona kuna kitu kimeharibika. Hakunipiga. Alisema tu, "Nenda kawashe moto, mwana wanje." Alisema kwa Kiha, lugha ambayo kwetu alikuwa akiitumia kwa nadra, akiwa amechoka sana au anaomba Mungu.

Baada ya kupima, ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa kwa siku saba. Pembeni walitundika kifungu cha nyuzi nyekundu. Aliye na dukuduku alikata uzi, akaufunga kwenye msumari uliopigiliwa ramanini karibu na nyumba yake. Siku ya saba ungefanyika mkutano, kila mwenye uzi asimame aeleze sababu, na wenzake wakiridhika mstari unachorwa upya. Ulikuwa utaratibu mzuri. Hata leo nasikia wataalamu redioni wakieleza namna mpya za kupanga miji bila kuvunja watu nyumba, na kila nikisikia naukumbuka ukuta ule. Mzee mmoja alifunga uzi kwa ajili ya mchikichi wa babu yake, mstari ukasogea. Mama mmoja alifunga kwa ajili ya kisima, ukasogea tena.

Mama alikata uzi siku ya kwanza. Hakuufunga. Kila alasiri alinishika mkono tukaenda ofisini, akasimama mbele ya ramani ile akiwa na uzi vidoleni. Alikuwa hajui kusoma lakini paa letu alilijua. Mimi nilidhani anafurahi kuiona nyumba yetu ikiwa kubwa vile, imetundikwa ukutani kama picha ya kiongozi. Nilikuwa namwonyesha, "Mama, jiko lile. Mama, kwa Feza pale." Alikuwa anaitikia tu.

Siku ya sita tulimkuta Dada Tumaini.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nakuona kila siku. Kuna jambo?"

"Marahaba. Nauliza tu. Nikifunga uzi huu, njia itapita wapi?"

Dada Tumaini akasogea ukutani, akaonyesha kwa kidole. "Hakuna pengine, mama. Jiko lako tukilikata, nyumba yote inaanguka. Itakata chumba hiki cha jirani. Labda apewe mahali kule juu, ajenge upya."

"Na sababu lazima niiseme?"

"Mbele ya mkutano, mama. Hapa hatuna siri. Kila mmoja anasema, wenzake wanasikia."

Mama alitazama tena ramani. Halafu akachukua pindo la khanga yake, akaufunga uzi ule fundo, akakaza kwa meno. Tukarudi nyumbani. Njiani alikohoa sana, ikabidi tukae kwenye ngazi za duka la mtu.

Siku iliyofuata Mama Feza alikuja na bakuli la sombe na samaki wa kukaanga. Alikuwa ameambiwa kwamba hakuna uzi uliofungwa kwetu. Alipiga magoti mbele ya mama, mwanamke mzima, akasema, "Umenipa nyumba yangu mara ya pili." Mama akamwinua kwa mabega. "Ni mgomba tu," alisema.

Kazi ya njia waliifanya watu wa mtaa wenyewe, jiwe kwa jiwe, na mtaro wa maji pembeni. Siku walipofika kwetu mama hakwenda sokoni. Alisimama mpaka mgomba ukaanguka. Alitaka kitu kimoja tu, jiwe lile jeusi lisitolewe. Mafundi wakaona ni bapa, linafaa, wakalijengea hapohapo kati ya mawe mengine. Njia ilipokwisha ilikuwa ya kupendeza sana. Taa ya jua ikasimikwa kwenye kona yetu. Bomba la maji likaja karibu. Sisi watoto tulicheza rede pale mpaka tunaitwa kwa matusi.

Na mama akapona. Kikohozi kilimwacha mvua zilipoanza. Mimi nilijua kwa nini amepona, na kwa miaka mingi nilitembea na siri ya ushujaa wangu.

Lakini alianza tabia moja. Kila alipofika kwenye lile jiwe alivua kandambili, akapita kando peku, akazivaa tena mbele. Mvua au jua, beseni kichwani au mikono mitupu. Mimi nilidhani anaogopa kuchafua njia mpya, ushamba wa Simbo. Niliona aibu. Halafu, kwa vile nilikuwa Diwani na nilipenda kuchekesha watu, nikaanza kumwigiza. Nilivua kandambili, nikanyanyua gauni, nikapita kwa madaha, na wenzangu wakavunjika mbavu. Wakauita mwendo wa Mama Diwani. Siku moja alitukuta. Alisimama na beseni lake akatuangalia, akasema, "Haya, watoto, nipisheni." Tukampisha. Akavua kandambili.

Niliolewa Tabora. Nilikuwa nikija sikukuu na kurudi. Njia ilizeeka vizuri. Baba Feza alipougua tena alitolewa kwa kitanda, amelala kama binadamu, akafika hospitali mapema, akaishi miaka mingine saba. Bodaboda zikaanza kupita, wajawazito wakachukuliwa mlangoni. Mtu akiniuliza kama njia ile ilistahili, nitajibu ndiyo bila kusita. Hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu sina wa kumlaumu.

Mama alifariki nikiwa garini, njiani kuja kumwona. Nilimkuta ameshaoshwa. Mama mkubwa, dada yake aliyebaki, alikuwa ameletwa kutoka Simbo, mzee wa kushikwa mkono. Jeneza lilipotoka, sisi wanawake tulisimama mlangoni kama ilivyo desturi, tukitazama. Wanaume wanne wakalibeba mabegani, wakashika njia ya nyuma ya jiko. Lilipita limenyooka, halikuinama hata kidogo.

"Simamisheni!" mama mkubwa akapaza sauti.

Watu waligeuka. Jeneza halisimamishwi njiani, kila mtu anajua. Shehe mmoja akatikisa mkono kwamba waendelee. Mama mkubwa akajivuta akashuka ngazi, akalifikia jeneza, akaweka mkono juu ya shuka. Lilikuwa limesimama juu ya jiwe jeusi.

"Mdogo wangu," alisema, "mwanao huyu hapa. Mmeonana." Kisha akawaambia wanaume, "Haya, nendeni. Mungu awalipe."

Mchana ule, jikoni, alinieleza. Kabla yangu alikuwepo mtoto wa kiume. Aliishi siku tano. Baba alikuwa ng'ambo ya ziwa. Bibi alikuja kutoka Simbo na kumzika alfajiri nyuma ya jiko, kwenye mgomba, kama walivyokuwa wakifanya kwao kwa watoto wachanga, ili mama asifunge kizazi. Hawakuwaambia watu wa msikiti. Baba aliporudi aliambiwa kwamba mtoto alizaliwa amekufa na wanawake wamemaliza. Mama alikuwa mgeni katika dini na katika nyumba ile, akaogopa kusema. Akaendelea kuogopa, mpaka siri ikawa kubwa kuliko yeye. Ndizi za mgomba ule hakuweza kuzila, wala kunilisha mimi.

Mama Feza alikuwa ameshika mwimo wa mlango, amesikia yote. "Chumba yangu," alisema. Alirudia mara mbili tatu, "Chumba yangu ile." Halafu akaenda kwake, na hakutoka mpaka kesho yake.

Sikulia pale. Nililia siku ya nguo, usiniulize kwa nini, uzi wa sufu wa urefu wa kiganja. Niliwaza siku zile sita mbele ya ukuta, na mimi pembeni namwonyesha jiko letu kwenye ramani. Angeweza kusema neno moja akamwokoa mwanawe, akamtoa Baba Feza nje. Angeweza pia kunigeukia na kuniambia nilichofanya. Hakusema mkutanoni, na hakusema kwangu hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Aliniacha niamini kwamba nilimwokoa.

Siku ya kuondoka kurudi Tabora nilipitia nyuma ya jiko, begi begani. Kwenye jiwe nikavua viatu. Mjukuu wa Mama Feza, kasichana ka miaka sita hivi, kalikuwa kanaruka kamba chini ya ile taa. Kakaacha kuruka.

"Shangazi, mbona unavua viatu? Hapa kuna nini?"

Nilikuwa na uzi mfukoni. Niliushika.

"Kuna mtu," nikasema. "Kaka yangu."

Kakalitazama jiwe, kakainua uso.

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Aliishi siku tano tu, na jina tunalitoa siku ya saba.